Shahidi Niliyemvunja Taya

Karani nilimpiga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika karatasi na sikutaka ichanike. Nilimpiga mara moja kwenye shavu, akakaa chini. Akainuka akitaka kusema neno, lakini siku hiyo mimi sikuwa na masikio. Nikaiweka karatasi mezani taratibu, nikambana kwenye kabati la mafaili, nikamshindilia ngumi ya kulia kwenye taya. Mfupa ulilia. Nauza nyama mwaka wa kumi na saba sasa. Mfupa ukivunjika naujua kwa sauti, sihitaji daktari aniambie.

Mafaili yalitumwagikia wote wawili. Karani mwenyewe ni kijitu chembamba, shati linampwaya, kalamu mbili mfukoni. Alijikunja chini ya meza ameshika uso, damu inampita kati ya vidole, na bado nilimvuta mguu nimtoe huko nimwongeze. Walinzi watatu wa hospitali ndio walioniondoa, na mmoja wao nilimng'ata mkono. Sijisifu. Nasema ilivyokuwa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na dakika mbili zile.

Na kisa chote kilikuwa herufi moja.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ile. Mtoto alitoka mzima, msichana, analia mpaka wodi nzima ikamjua. Siku ya nne mama yake akashikwa na homa. Tukarudi, wakasema ni maziwa. Tukarudi tena, wakasema malaria. Mara ya tatu daktari yuleyule aliyempasua hakumgusa hata tumbo. Alisema wanawake wengine wana deko, akaita mgonjwa mwingine. Siku ya arobaini na moja nilimbeba mgongoni mpaka hospitali nyingine. Wakamfungua, wakatoa kitambaa cha shashi, kile cha kufutia damu, kimeozea ndani yake. Mfuko wa uzazi nao ikabidi utolewe, na huyo msichana ndiye mtoto wetu wa kwanza.

Mke wangu ni fundi cherehani. Alipozinduka akaambiwa, aliuliza jambo moja tu: "Kitambaa chenyewe kilikuwa na ukubwa gani?" Muuguzi akamwonyesha kwa mikono. Mke wangu akapima kwa macho, akasema hicho kingetosha kofia ya mtoto. Kisha akageukia ukutani, na mimi nikatoka nje kupiga teke pipa la takataka mpaka likapasuka.

Alichotaka alinieleza siku aliyotoka wodini, na hakukibadilisha tena. Alitaka daktari yule asimame mbele ya hakimu, aulizwe vitambaa vingapi viliingia na vingapi vilitoka, naye ajibu watu wakisikia. Sheria ilitupa mwaka mmoja wa kufungua madai. Mwaka ukipita, hata ukalie kizingiti cha mahakama, hakuna atakayekufungulia mlango.

Hospitali ilijibu barua yetu ya madai kwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hesabu ya vitambaa, ikionyesha kwamba vyote vilitoka. Ya pili ilikuwa na mwandiko wangu na sahihi yangu, tarehe ni ileile ya upasuaji: "Mimi mume wa mgonjwa nimeridhika." Wakasema niliiandika jioni, baada ya daktari kunieleza yote yaliyofanyika chumbani, nikashukuru na kuridhika.

Uongo! Niliiandika asubuhi, kabla ya upasuaji. Fomu za ridhaa zilikuwa zimekwisha. Karani wa mapokezi, huyohuyo niliyempiga baadaye, akanichania karatasi tupu, akaniambia, "Andika: mimi mume wa mgonjwa nimeridhia. Weka sahihi." Nimeridhia, maana yake nimekubali apasuliwe. Nimeridhika, maana yake nimefurahi, nimetosheka, asanteni sana. Hiyo K ilitoka wapi?

"Imechomekwa," alisema wakili wetu. Huyu tulimwita Tai, kwa sababu sikuwahi kumwona bila tai, na kila siku ni tai nyingine. Nilimchagua mimi, kwa kuwa picha yake ilikuwa imebandikwa njia panda, kubwa kuliko mlango wa bucha langu. "Jiulize, nani anakaa na mafaili? Karani. Nani mwenye kalamu? Karani. Mimi nasema tu, Nundu. Akili kichwani mwako."

Nundu ni mimi, watu wameniita hivyo kwa ajili ya mabega. Akili haikuwa kichwani siku hiyo. Nilitoka kwa Tai nikaenda moja kwa moja hospitali.

Mahabusu nilikaa siku nne. Humo nako nilipigana, na jamaa mmoja alinipiga na ndoo ya chuma nyuma ya sikio, nikaamka nimelazwa kwenye sakafu yenye maji. Tai alipokuja kunitoa kwa dhamana alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho. "Umewatia adabu! Sasa wanajua hatuna mchezo." Kesi ya kumjeruhi karani ikaandikwa, ikaanza kuningoja pembeni, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na kichwa kilichovimba na kifua mbele, nikitegemea shukrani.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, mtoto amelala kwenye kapu la vitambaa miguuni pake. Hakusimamisha mguu. Alishona pindo lote la gauni mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniuliza, "Nani alikutuma?"

"Nimekupigania."

"Mimi nilikuambia nataka hakimu, Baba Mtoto. Sikukuambia nataka bondia."

Nikaanza kupaza sauti. Nikasema waliokuharibu wanatembea barabarani, wewe unanigombeza mimi. Nilipiga ukuta ngumi, chokaa ikadondoka juu ya kapu, mtoto akaamka. Mke wangu alimpangusa chokaa usoni kwa ncha ya khanga, akamnyonyesha, na akaongea kwa ile sauti yake ya chini ambayo naiogopa kuliko mayowe.

"Kesho tunakwenda kwa huyo Tai wako wote wawili. Nina maswali matatu."

Ofisi ya Tai ilikuwa na vioo kila upande, na baridi ya mashine mpaka unatamani koti. Mke wangu alikaa, akaweka mkono juu ya mshono, uliokuwa bado unafunguka na kushonwa upya, kama ilivyokuwa desturi yake tangu apasuliwe mara ya pili, akauliza bila salamu ndefu.

"Kesi za hospitali umeshindwa ngapi?"

Tai akacheka. "Mama, mimi kushindwa sikujui."

"Umeshinda ngapi?"

"Kesi ni kesi. Viwanja nimeshinda, talaka nimeshinda, ajali za magari nimeshinda. Mpasua mbao atashindwaje na kuni?"

"Muda wetu unakwisha lini?"

Hapo akatazama dari. "Muda tunao tele. Tusubiri kwanza, magazeti yaandike habari ya karani mghushi, wao wenyewe watakuja kupiga magoti."

"Zimebaki wiki saba," mke wangu alisema. "Nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwako, hiyo hapo nyuma yako. Naomba faili letu."

Nadhani ni ile kalenda iliyomuuma. Debe tupu likigongwa hutoa sauti, na yeye aliitoa. "Mama, tumbo lako limeshashonwa. Sasa na mdomo nao ushone, utuachie wanaume tufanye kazi."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tai ikiwa imezunguka ngumi yangu mara mbili, na wakili akiwa amelala kifudifudi juu ya meza yake, glasi zimepasuka chini ya kifua chake, uso umegeuka rangi ya maini. Miguu yake ilikuwa inarusha karatasi. Nilikuwa nakaza na kumwambia aombe radhi, na mtu aliyekazwa shingo haombi chochote, lakini hilo sikulifikiri. Niliikaza zaidi. Nilisikia mke wangu akiita, nikasikia mikono yake ikinivuta kwa nyuma, nikakunja kiwiko kumtupa mbali yeyote aliyekuwa nyuma yangu.

Kiwiko kiliingia kwenye mshono.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo ya mtu aliyekatwa pumzi, akakaa sakafuni palepale kwenye vipande vya glasi, na doa jekundu likaanza kutokeza kwenye gauni, dogo, kisha si dogo. Nilimwachia Tai. Niliogopa siku hiyo kuliko siku niliyombeba mgongoni, kwa sababu siku ile nilijua adui ni nani. Nilitaka kumwinua, akausukuma mkono wangu.

"Chukua faili," alisema. "Nitainuka mwenyewe."

Tai hakunishtaki, nadhani aliona aibu ya kukabwa kwa tai yake mwenyewe. Muuguzi wa hospitali ile ya pili ndiye aliyemfunga mke wangu upya. Nyuzi mbili zilikuwa zimeachia. Aliuliza nini kimetokea, mke wangu akasema ameteleza ngazini, na muuguzi akanitazama mimi, si ngazi. Alipomaliza kubandika plasta alisema, "Kama mnatafuta wakili, nendeni kwa Bi Mkunga. Amezalisha watu miaka kumi na miwili kabla hajaanza kusoma sheria. Akishika faili la hospitali anajua ni ukurasa gani haupo."

Bi Mkunga alikuwa na ofisi juu ya mafundi wa matairi. Kutwa nzima nyundo zinagonga vyuma chini, sakafu inatetemeka, chai inacheza kikombeni. Hakuna picha yake popote. Mafaili yamepangwa mpaka kwenye kingo za dirisha, kila moja limefungwa kwa ukanda wa bandeji ya zamani. Mwenyewe ni mwanamke mnene, mzee, miwani yenye kamba, viatu amevivua chini ya meza.

Mke wangu akamuuliza swali lake la kwanza. "Umeshindwa ngapi, mama?"

"Tisa."

Hakutazama dari. Akazitaja. Moja faili liliungua. Mbili mashahidi walinunuliwa. Moja alikosea tarehe yeye mwenyewe, na mpaka leo akikutana na yule baba sokoni huwa anabadilisha njia. Alizipitia zote bila haraka, moja baada ya moja, kama mtu anayetaja watoto aliowazika. "Ya tisa," akamalizia, "mteja wangu alimpiga nesi kofi kwenye korido. Kofi moja tu. Tangu siku hiyo hakimu hakutuona sisi, alikuwa anaona kofi." Akayatazama magumi yangu yaliyochunika. Niliyaficha chini ya meza.

"Na umeshinda?"

"Kumi na nne. Hizo uliza watu wengine, mimi nikizisimulia nitaongeza chumvi."

Mke wangu akalisukuma faili mezani. "Shika, mama." Alikuwa amekwisha kuchagua, na mimi hakuniuliza.

Bi Mkunga alilisoma lote sisi tumekaa. Alipofika kwenye ile karatasi aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, akaishusha.

"Bwana, kazi yako inaanza saa ngapi?"

"Alfajiri. Nakwenda machinjioni kuchukua nyama."

"Unaichukuaje? Unabeba tu?"

"Kwanza naikagua. Nikiona sawa, nasaini daftari lao."

"Haya. Chukua kalamu, uandike ninayosema, haraka haraka, nina watu wananisubiri." Akaanza kusoma maneno mbio mbio, nyundo zinagonga chini: mimi fulani nimefika, mimi fulani nimepokea barua, mimi fulani nimeridhia kuwakilishwa, mimi fulani nitarudi Jumatatu. Nikaandika. Akaichukua karatasi, akaisoma, na hakunipa mimi. Alimpa mke wangu. Mke wangu akaisoma, akanirudishia.

Mstari wa tatu: nimeridhika kuwakilishwa.

Niliitazama ile K. Ilikuwa na mkia uleule mrefu. Kila alfajiri isipokuwa sikukuu, miaka kumi na saba, nimekagua nyama na kuandika kwenye daftari la machinjioni neno moja, nimeridhika, na kuweka sahihi. Mkono umeshalijua, hauniulizi tena. Mtu akiniambia niandike "nimeridhi", wenyewe unamalizia. Hakuna aliyechomeka kitu. Nimemvunja mtu taya kwa ajili ya K yangu mwenyewe.

Aibu nimewahi kuiona, lakini ile ilikuwa nyingine. Nilitaka kusema kitu cha kujitetea nikakosa hata uongo.

"Si kosa kubwa," Bi Mkunga alisema, "na linatufaa. Wao wanasema uliandika jioni. Tukionyesha kwamba uliandika asubuhi, itabidi waeleze mtu anaridhikaje na chakula kabla chungu hakijabandikwa jikoni. Na wakikutwa na uongo kwenye karatasi moja, hakimu ataitazama ile ya vitambaa kwa jicho jingine. Nani alikuwepo ulipoandika?"

"Karani."

"Mwingine?"

"Mke wangu alikuwa kwenye machela pale pale, lakini hali yake..." 

"Sikumbuki vizuri," mke wangu alisema. "Nakumbuka taa tu."

"Daftari la mapokezi la siku ile?"

"Wanasema limelowana, wamelitupa."

Bi Mkunga akavua miwani. "Basi tuna shahidi mmoja duniani, na mdomo wake umefungwa kwa waya." Hakucheka, wala sisi hatukucheka.

Alinikataza nisimsogelee karani hata kwa bahati mbaya. Alikwenda yeye mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Karani alikuwa amesimamishwa kazi mpaka apone, na wakubwa wake wamemdokeza kwamba akijua kunyamaza atarudi mezani kwake. Mara ya tatu, zikiwa zimebaki wiki mbili, karani aliandika kwenye kipande cha karatasi: aliyenipiga aje mwenyewe.

"Nitakuwepo," Bi Mkunga aliniambia, "na nisikilize vizuri. Hutampa kitu. Si pesa, si nyama, hata soda. Ukimpa kitu, wataniambia nimenunua shahidi, na hiyo itakuwa kesi yangu ya kumi kushindwa. Ile kesi ya kumjeruhi utakwenda kukiri, ufungwe ukifungwa. Utakwenda kwake na mdomo wako tu, na mdomo wenyewe uutumie kidogo."

Tulikwenda saa tisa mchana, sisi watatu na mtoto. Karani alikuwa anaishi chumba kimoja na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyefungua mlango. Alinitazama mabega, akanitambua, akarudi ndani kimya. Nikadhani amekwenda kumwita. Alitoka na mchi wa kinu, akanipiga nao begani kwa nguvu zake zote, mkono ukafa ganzi mpaka kwenye kucha. Akanipiga tena mbavuni. Nilishika kizingiti nikasimama.

"Huo ni wa uji wake," alisema anahema. "Wiki tano namlisha uji kwa mrija, mtu mzima na ndevu zake. Ingieni."

Karani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Amekonda zaidi, upande mmoja wa uso umekuwa wa manjano, na meno yamefungwa kwa waya, hivyo maneno yanatoka yamebanwa, unasikiliza kwa makini ndipo unaelewa. Bi Mkunga akaeleza tulichokuja kuomba. Akamwambia wazi kwamba akisema huenda kazi akaikosa, na sisi hatuna cha kumuahidi.

Nikasema nililotakiwa kusema. Nilikukosea, hukughushi kitu, ni mkono wangu. Nisamehe.

"Umeniletea nini?" aliuliza kupitia meno.

"Sikuleta kitu. Nimekatazwa."

"Mikono imekuja mitupu?"

"Mitupu."

Akainuka. "Iweke nyuma."

Bi Mkunga alifungua daftari lake. "Bwana karani, ukimpiga nitaandika kwamba umempiga. Siwezi kumficha hakimu."

"Andika," alisema karani.

Nikafumbata mikono mgongoni. Ngumi ya kwanza ilinipata kwenye shavu, na nadhani ilimuuma yeye zaidi, kwa maana hajui kupiga. Alikunja kidole gumba ndani. Ya pili ilitua mdomoni, midomo ikapasuka. Ya tatu na ya nne sikuzitofautisha. Halafu akageuka, akachukua kikombe cha bati kilichokuwa mezani, akanipiga nacho kwenye nyusi, nikaona nyota, damu ikaingia jichoni. Sitadanganya kwamba nilitulia. Kila pigo mikono ilitaka kutoka, mmoja ukamshika mwenzake kiganjani mpaka kucha zikaingia kwenye nyama. Nilitaka kumuua mtu yule. Ningeweza kumshika shingo kwa mkono mmoja, na alijua, na alipiga huku anatetemeka akisubiri niutoe. Akanipiga tena na kikombe, palepale. Jino la mbele likang'oka, nikalimeza pamoja na damu.

Kisha akaanza kulia, na kulia kukamuumiza taya, akakaa kitandani ameshika uso kwa mikono miwili. Dada yake akamwambia basi, inatosha. Kikombe kilikuwa kimebonyea.

Bi Mkunga akaandika saa.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda na mtoto mapajani muda wote, hakusema kitu cha kunitetea wala cha kunizomea. "Umemaliza, kaka?" aliuliza.

Karani akaitikia kwa kichwa.

"Basi sasa niambie mimi. Maana mmepigana wee, na aliyepasuliwa ni mimi."

Akamwambia. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Alikuwa ameangalia saa kwa sababu ya kubadilishana zamu. Alichana karatasi mwenyewe kutoka kwenye daftari la mapokezi. Bi Mkunga aliandika huku anaitikia, na niliona mabega yake yakishuka, kwa sababu hiyo ndiyo tuliyoifuata. Nikadhani tumemaliza.

"Na wewe dada ulisema kitu," karani akaendelea.

"Nilisema nini?"

"Wauguzi walikuwa wananong'ona kwamba daktari hajalala siku mbili, na kwamba mwenzake anaingia baada ya nusu saa. Ulisikia. Ukasema, 'Baba Mtoto, soma kwanza. Waulize kama tunaweza kumsubiri huyo mwingine.'"

Mke wangu akamhamishia mtoto begani. "Nilidhani niliota," alisema. "Miezi yote hii nadhani ni ndoto ya dawa. Naye akasemaje?"

Karani alinitazama mimi. Hakuwa na hasira tena, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Alikuambia unyamaze. Akapiga kaunta ngumi mpaka wino ukamwagika, akawaambia wauguzi kama hamumpasui sasa hivi nitavunja mtu. Ndipo wakakuingiza."

Mke wangu akauliza bila kunigeukia, "Ni kweli?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Watu wangeniamini, nilikuwa na damu usoni na kichwa kinanguruma. Lakini nilikuwa nakumbuka. Sikuwahi kusahau hata siku moja. Nilikumbuka nilipopiga pipa, nilikumbuka nilipompiga karani, na nilikumbuka nilipokaza ile tai.

"Ni kweli," nikasema.

Bi Mkunga aliinua kalamu. "Tunaweza kuishia kwenye saa," alisema taratibu. "Saa inatosha kufungua kesi. Hili jingine wakilipata, mawakili wao watakuchana vipande, bwana, na watasema uliwalazimisha."

"Daktari alikuwa hajalala siku mbili," mke wangu alisema. "Hilo nalo limo humohumo. Andika yote." Akainuka na mtoto wake, akashika mshono wake, akapita mbele yangu akatoka nje. Nilisikia hatua zake zikipita uani, zikaenda.

Maelezo ya karani ndiyo yaliyomsimamisha daktari mbele ya hakimu. Aliulizwa vitambaa vingapi, na hakuwa na jibu, na mke wangu alikuwa mstari wa mbele akimtazama. Mimi nilisikia kwa watu. Nilikuwa gerezani kwa ajili ya taya la karani, na mke wangu hakuja kunisimulia.

Siku ile chumbani, karani alitaka kuandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe, lakini mkono ulikuwa umevimba kwa kunipiga, karatasi inamteleza. Nikapiga magoti, nikamshikia karatasi isicheze. Akaandika saa, akaandika wauguzi, akaandika maneno ya mke wangu. Kisha akasita.

"Ulimwambia 'nyamaza', au 'nyamaza wewe'?"

"Nyamaza wewe," nikamwambia, naye akaandika.